Mali Iliyozama ni ya Nani? Majibu kwa Wasomaji

*Assalamu alaykum wahariri. Kwetu husemwa kilichotupwa na bahari ni cha aliyekiokota. Je, zama za kale ndivyo ilivyokuwa? (Mvuvi, Kojani)*

Waalaykum salaam ndugu yetu. Hapana, haikuwa hivyo, na waliotunga sheria za bahari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita walikuwa makini sana katika jambo hili. Katika Sheria ya Bahari ya Rhodes (kisiwa cha Wagiriki), iliyotumika Mediterania tangu karne ya 7 au ya 8, mwopoaji hakupewa mali. Alipewa fungu, na fungu lilipimwa kwa kina. Kilichoopolewa dhiraa 8 chini ya maji, thuluthi ni yake. Dhiraa 15, nusu, kwa ajili ya hatari ya bahari. Kilichotupwa ufukweni, au kilicholala kwenye maji ya dhiraa moja tu, anapata sehemu moja ya kumi. Dhiraa ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu nusu mita, kwa hiyo dhiraa 15 ni kama pima nne. Anayezama kwa pumzi moja hadi hapo, akafunga kamba kwenye mzigo na kurudi juu, nusu hiyo ni haki yake.

Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walihitilafiana. Hasan al-Basri na al-Sha'bi walisema alichokitoa mzamiaji ni chake, lakini kilichoachwa na maji kikabaki pakavu ni cha wenyewe. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu visiwani, milki haiondoki kwa sababu chombo kimezama. Angalieni basi: hata waliompa mzamiaji mali yote hawakumpa yule aliyeokota ufukweni.

Wanyang'anyi wakubwa walikuwa watawala. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba katika pwani ya Malabar, kusini-magharibi ya India, chombo kikivunjika shehena yote huingia hazina ya mfalme, isipokuwa Calicut, ambako huachiwa wenyewe. Ndiyo maana, akasema, mji ule ulistawi na vyombo vikaukimbilia. Mfalme Ganapatideva wa ufalme wa Kakatiya alikwisha kulitambua hilo karibu miaka mia kabla yake: mwaka 1244 alichongesha maandishi kwenye jiwe katika bandari ya Motupalli, mashariki ya India, kuwaahidi wafanyabiashara kwamba chombo kilichotupwa na tufani hakitaporwa tena kama walivyofanya wafalme waliotangulia. Watatozwa ushuru tu.

*Mwalimu ametwambia Uingereza mali ya meli iliyovunjika ilitegemea paka. Ni kweli? (Mwanafunzi, Chake Chake)*

Mwalimu wako hakukosea. Sheria ya Westminster ya mwaka 1275 ilisema: akitoka mtu, mbwa au paka akiwa hai, chombo hakihesabiwi kuwa kimepotea. Shehena huwekwa chini ya ulinzi, na mwenyewe akija na ushahidi ndani ya mwaka mmoja na siku moja hurudishiwa. Asipokuja, ni ya mfalme, au ya bwana wa pwani ile aliyepewa haki hiyo na mfalme. Kasoro yake ni ya kutisha. Kwa bwana mwenye tamaa, aliyenusurika ndiye kizuizi chake, na hapana atakayeuliza baharia amekufa majini au amekufa mchangani. Kanisa nalo lilikuwa limekwisha kuwatenga waporaji wa waliovunjikiwa na vyombo, katika mkutano wake mkuu wa Laterano, Roma, mwaka 1179. Ilikuwa hadi 1771 ndipo mahakama ya Kiingereza ilipoamua kwamba paka si lazima, muhimu ni kuwa mwenye mali anaweza kutambulika.

*Tukitosa mzigo ili chombo kisizame, nani anamlipa mwenye mzigo? (Nahodha, Mkokotoni)*

Wote waliosalimika, na yeye mwenyewe akiwemo. Kanuni hii ni kongwe kuliko zote tulizozitaja, na Warumi waliiita ya watu wa Rhodes. Hesabu yake ni hivi. Tuseme chombo kina thamani ya shilingi milioni 40, mchele wa Ali milioni 30, saruji ya Bakari milioni 20, na vitambaa vya Chausiku milioni 10. Jumla ni milioni 100. Vikitoswa vitambaa vyote, hasara ni asilimia 10 ya jumla, na kila mmoja huibeba kwa kiwango hicho: mwenye chombo milioni 4, Ali 3, Bakari 2, Chausiku 1. Chausiku analipwa milioni 9.

Ugomvi huzuka mahali pawili. La kwanza ni kutosa kwa kukusudia: wimbi likiufagia mzigo lenyewe, hakuna kuchangiana, na aliyepoteza amepoteza. Kwa hiyo nahodha aseme mbele ya mashahidi, kabla mzigo haujaguswa ikiwezekana, kwamba anatosa na kwa nini. La pili ni mzigo unaoelea. Robota la vitambaa likiokotwa Tumbatu, bado ni la Chausiku, na aliyeliokoa anadai ujira wake. Kisha thamani iliyopatikana, ukiondoa ujira huo, hupunguzwa katika hasara na hesabu hufanywa upya.

*Nimesikia chombo kilichoshonwa kama mtepe kilipatikana Indonesia. Shehena yake ilikwenda wapi? (Fundi wa majahazi, Nungwi)*

Kilipatikana mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, na waliokiona kwanza ni wazamiaji wa majongoo ya bahari, watu wa kazi ileile inayofanywa hapa kwetu. Mbao zilishonwa kwa kamba bila misumari, kwa ufundi wa Ghuba na Bahari ya Hindi. Ndani mlikuwa na vyombo vya udongo vya Kichina karibu 60,000, vingi bakuli za kutoka Changsha, China, na bakuli moja ina tarehe inayolingana na mwaka 826. Bakuli zilipangwa kwa duara ndani ya mitungi mikubwa, moja ikilalia nyingine, zikashindiliwa zisigongane. Ndiyo maana nyingi zilitoka nzima baada ya karne kumi na moja.

Kampuni ya uopoaji ilifanya kazi kwa kibali cha serikali ya Indonesia, na shehena ikauzwa Singapore mwaka 2005 kwa dola milioni 32 hivi. Mwaka 2011 maonyesho yake yaliyopangwa Washington yalizuiwa, kwa kuwa wataalamu walilalamika kwamba uchimbaji ulikuwa wa kibiashara na wa haraka. Tunaona walikuwa na haki. Bakuli huweza kuuzwa hata ikiwa peke yake, lakini ilikaa wapi ndani ya chombo, karibu na nini, chini ya nini, hilo likivurugwa halirudi. Hata hivyo, shukuru kwamba shehena kubwa ilibaki pamoja. Shehena nyingi za kale hutawanyika kipande kipande sokoni.

*Nyavu ikinasa mtungi wa kale nifanye nini? (Mvuvi, Msuka)*

Usiukaushe. Hilo ndilo kosa linaloharibu zaidi. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, na udongo uliokaa chini karne nyingi umeinywa hadi ndani. Ukikauka juani chumvi inageuka chembe, chembe zinavimba, na rangi ya juu inabanduka kama magamba ya samaki, pengine baada ya wiki kadhaa, mtungi ukiwa umeshawekwa kabatini na kusahauliwa.

Uweke ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya bahari, ufunike. Usikwangue matumbawe wala usitie ndimu au siki. Kitu cha mbao kinadhurika upesi zaidi, kwani maji ndiyo yanayoshikilia umbo lake, na yakitoka mbao hujikunja na kupasuka. Andika mahali: mnara wa taa wa Kigomasha ulikuwa umelingana na nini nyuma yake, alama nyingine ya nchi kavu upande wa pili, kina kwa pima, na maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Kama una simu yenye ramani, hifadhi nukta. Usirudi kuzamia kutafuta vingine.

Kisha mwambie sheha, na kupitia kwake Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Mafundi wao wataanza kupunguza chumvi kwa kuchanganya maji ya bahari na maji baridi, wakiongeza ya baridi kidogo kidogo, halafu baridi matupu yanayobadilishwa mara kwa mara. Mtungi mnene huweza kuchukua miezi.