Kipato chake ni mwanzo tu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: mwanamke akiwa na kipato chake mwenyewe, je, usawa kati yake na mpenzi wake umeshapatikana? Jibu langu ni bado, ingawa sitaki mtu aidharau fedha hiyo.

Ufaransa, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1965, mwanamke aliyeolewa alihitaji idhini ya mumewe ili afungue akaunti ya benki. Mke wa namna hiyo akipigwa, aende wapi, na kwa nauli ya nani? Mwenye chake akibaki, anabaki kwa kuwa anapenda.

Lakini kuweza kuondoka ni jambo moja, na kuishi ndani kwa usawa ni jingine. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi zote za nyumbani na malezi zisizolipwa. Wengi wao wana ajira pia. Tena kuna kazi ya kukumbuka, ambayo ni ngumu hata kuihesabu: dawa ya mtoto inaisha lini, mama mkwe anaendeleaje, ada inalipwa tarehe ngapi. Mwanamume anayesema "niambie nikusaidie nini" ana nia njema, naamini, ila tayari amemwachia mwenzake usimamizi wote. Nyumba ni ya wawili. Kwa nini mmoja asubiri kuagizwa?

Kuhusu nani alipe bili mnapotoka, sioni la kubishania. Kubalianeni tu.

Linaloniumiza zaidi ni hili la mtoto. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alionyesha kuwa katika nchi tajiri pengo la mapato kati ya wanawake na wanaume wa kazi ileile siku hizi hutokea zaidi baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa. Maana yake wapenzi wanaweza kuanza wakiwa sawa kabisa, kisha mmoja akabaki nyuma bila wao kuwahi kukaa na kuamua iwe hivyo.

Kwa hiyo nawasihi wachumba wazungumze mapema. Nani atapunguza saa za kazi, na kwa muda gani? Akiba yake ya uzeeni nani ataijazia? Wengi huogopa maswali haya wakidhani yanapoza mapenzi. Mimi naona anayeuliza ndiye anayetaka kukaa. Na wewe dada, angalia mwenzako anavyoipokea hapana yako. Akinuna siku nzima kwa sababu umekataa kuacha kazi, mtoto akija atanuna zaidi, na ni heri ulijue hilo kabla ya ndoa.