Kuchoma matawi Texas: utajuaje kama leo ni ruksa?

Ndugu, umeuliza kama kuna sehemu moja ya kuangalia marufuku ya kuchoma nje kabla hujawasha rundo lako la matawi. Ipo, ila haitoshi peke yake.

Texas haina marufuku moja ya jimbo zima. Kila kaunti hutoa amri yake, nayo hudumu hadi siku 90, lakini yaweza kufutwa mapema au kutolewa upya. Kwa hiyo habari ya wiki iliyopita haina kazi. Asubuhi ya siku ya kuchoma, fungua ramani ya marufuku za kaunti kwenye tovuti ya Texas A&M Forest Service (idara ya misitu ya jimbo), kisha pigia simu ofisi ya kaunti, kwa sababu amri mpya inaweza kupita kabla ramani haijabadilishwa. Ukiwa ndani ya mipaka ya mji, uliza mji wenyewe. Mingi hukataza mwaka mzima.

Halafu angalia tahadhari ya moto (Red Flag Warning) ya idara ya hali ya hewa. Ikiwepo, ahirisha, hata kama kaunti haijakataza.

Na kutokuwepo marufuku si ruhusa ya kuchoma utakavyo. Anza saa moja baada ya jua kuchomoza, maliza saa moja kabla halijazama. Upepo uwe maili 6 hadi 23 kwa saa: chini ya hapo moshi hutuama kwa majirani, juu ya hapo cheche huruka. Matairi na plastiki, kamwe.