Je, urani na rodi "zinapeana" elektroni?

Swali: Natafsiri makala ya kemia kuhusu vishada vya molekuli ambamo atomu ya urani imeshikana na atomu ya rodi (rhodium). Nimeandika: "Metali hizi zina kifungo cha mara tatu kwa kuwa zinapeana elektroni." Mwenzangu anasema sentensi haijakaa sawa. Kosa liko wapi?

Jibu: Kwa "kifungo" hufungwi, ila msomaji atawaza shati au gereza kabla hajafika kwenye atomu. Mimi hutumia "muungo". "Muungano" nao unaeleweka, lakini umeshazoeleka mno kwa nchi na vyama. "Cha mara tatu" kiache kabisa: kinaeleza tendo lililorudiwa, ilhali hapa ni muungo mmoja wenye jozi tatu za elektroni. Andika "muungo wa jozi tatu".

Penye tatizo hasa ni "zinapeana". Kiambishi -an- kinadai kila upande utende lilelile. Wawili wakipeana zawadi, kila mmoja ametoa na kila mmoja amepokea. Sasa tazama kemia yenyewe. Watafiti walioeleza muungo huu mwaka 2019 waliona kwamba jozi moja ni ya kovalensi, yaani kila atomu imeleta elektroni yake. Jozi mbili zilizobaki zinatoka kwa rodi, metali ya mpito yenye elektroni za kutosha. Urani, ambayo ni aktinidi (mojawapo ya metali nzito za kundi la aktini) yenye obiti, yaani nafasi za elektroni, zilizo wazi, inazipokea. Hapo hakuna kupeana. Mmoja anatoa.

Usikimbilie basi kuandika "rodi inaipa urani" ukaishia hapo, maana kitu ukimpa mtu kinakuwa chake. Jozi hizi zikishatolewa hukaa kati ya atomu zote mbili. Kiswahili kina kitenzi kizuri kwa jambo hili, nacho ni "kuchanga". Ningeandika hivi: "Urani na rodi zimechanga jozi moja ya elektroni, jozi nyingine mbili zimetoka kwa rodi pekee, na zote tatu zinatumiwa kwa pamoja." Sentensi imerefuka, lakini mkemia hataikosoa.

Na kwa kuwa utaandika neno "urani" mara nyingi: ni "urani hii", si "urani huu". Ile u- ya mwanzo si kiambishi cha ngeli, imekuja na neno lenyewe.