Uhuru wa kujieleza au uhuru wa maoni?

Swali: Mwalimu shikamoo. Naandika makala kuhusu Community Memory, ile kompyuta ya umma ya Berkeley, Marekani, mwaka 1973. Nimeweka "uhuru wa kujieleza" rafiki yangu kakataa, eti anayejieleza ni mtuhumiwa, niandike "uhuru wa maoni". Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Ni kweli polisi anasema "haya jieleze", na bosi pia ukichelewa kazini, ila neno haliishii hapo bana, mbona kwenye intavyuu unaambiwa jieleze kidogo na hujaiba kitu? Kueleza kumetoka kwenye kuelea, yaani kueleweka, kwa hiyo kujieleza ni kujifanya ueleweke, iwe mbele ya askari au mbele ya dunia.

Kisheria yote mawili yapo. Katiba ya Tanzania ibara ya 18 inasema uhuru wa maoni, ya Kenya ya 2010 ibara ya 33 inasema uhuru wa kujieleza, kwa hiyo ukiandika habari za sheria fuata neno la nchi husika basi.

Lakini kwa makala yako mimi naona umepatia, na sababu iko palepale kwenye ile mashine. Maoni lazima yawe juu ya jambo fulani. Sasa angalia watu walikuwa wanaandika nini pale duka la santuri la Leopold's, teletaipu, yaani mashine ya kuchapa inayotuma na kupokea maandishi, imeungwa kwa laini ya simu na kompyuta kubwa iliyoko San Francisco, unachapa ADD kuweka lako, FIND kutafuta ya wenzako, hakuna mhariri wa kukukata. Wanamuziki wanatafutana wapige pamoja, mtu anauliza bagel nzuri, ile mikate ya duara yenye tundu katikati, zinapatikana wapi, halafu kuna mmoja alijiita Benway akawa anamwaga vichekesho na vituko visivyo na kichwa wala miguu. Huyo Benway alikuwa na maoni gani jamani? Alikuwa anajieleza tu! Ukiandika "uhuru wa maoni" hapo msomaji atafikiria lile sanduku la mbao lenye kufuli pale mapokezi ya ofisi.

"Uhuru wa kusema" nao si kosa, wengi wanautumia hata kwa maandishi, ila kwa teletaipu mimi ningeuacha.

Halafu kwenye aya yako ya pili umeandika "uhuru wa kujielezea", hiyo e iliyo kabla ya a ya mwisho itoe, ibaki "kujieleza".