Madoa Haya Si Bigijii

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko London, nafanya usafi wa mitaa. Tumepewa vikwangulio tubandue bigijii zilizoganda kando ya barabara. Nyingine zinabanduka, ila kuna madoa ya kijivu, ya mviringo, ambayo nikiyakwangua unatoka unga tu. Ni nini? Na yale ya rangi ya chungwa ukutani, ni kutu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichokuwa ukikwangua ni kiumbe hai. Ni likeni: kuvu na mwani walioungana wakawa mwili mmoja. Kuvu hujenga nyumba na kushika maji, mwani hupika chakula kwa jua. Mizizi hawana. Kwetu pwani yupo ndugu yao mwenye jina la siku nyingi, marere, aliyechumwa mitini na kupakiwa kwenda Ulaya karne ya 19 kutengenezewa rangi ya zambarau. Jina hilo nilifundishwa na bibi yangu.

Hilo lako nadhani ni Lecanora muralis. Waingereza wenyewe hulifananisha na bigijii. Mimi nilijifunza kulitambua Leeds, nimepiga magoti kwenye ngazi za zege, lenzi jichoni. Ukingo wa bigijii ni laini. Wa likeni hii umechanikachanika vijani vidogo vilivyolala bapa juu ya zege, ncha zake zimefifia, na katikati vimesongamana visahani vya kahawia, vidogo kama punje za ulezi. Siku ya ukavu dondoshea maji kidogo, usubiri. Doa litageuka kijani, kwa sababu ngozi yake ikilowa hupitisha mwanga na mwani wa chini huonekana. Bigijii haibadiliki hivyo.

Ya ukutani, kama haichirizi kutoka kwenye chuma, si kutu. Yenye vijani na visahani vya chungwa ni Xanthoria parietina. Kivulini hupauka ikawa ya kijivu. Ukiona unga wa njano tu, huenda hiyo ni likeni ya jamii ya Caloplaca.

London ilipokuwa ikichoma makaa ya mawe, moshi wa salfa uliua likeni nyingi sana. Baadhi zilinusurika kwenye zege na chokaa, maana huzimua asidi. Ndiyo maana nakuomba, mwanangu, uyaache hayo madoa. Hukua milimita chache tu kwa mwaka; lenye upana wa kiganja huenda lilikuwapo kabla wewe hujafika huko. Msimamizi akiuliza mbona umeliruka, dondosha tone la maji mbele yake.