Kujitolea kabla ya kuanza kazi ya afya: chagua sehemu moja na udumu hapo

Wanafunzi wanaojiandaa kwa udaktari, uuguzi, ufamasia au kazi za maabara huniuliza mara kwa mara wajitolee wapi ili maombi yao ya chuo yapokelewe vizuri. Nawaomba waanze na swali jingine: ni kazi gani ninaruhusiwa kuifanya leo, nikiwa bado sina leseni, na ninaweza kuifanya mahali pamoja kwa miezi mingapi?

Kwenye uchangiaji damu, kwa mfano, mwanafunzi anaweza kuwapokea wachangiaji na kukaa nao baada ya kutoa damu. Mtu hutoa takriban mililita 450, na wapo wanaopatwa na kizunguzungu dakika chache baadaye, hasa wakiinuka upesi. Anayewapa kinywaji na kuzungumza nao ndiye wa kwanza kuona jasho likiwatoka usoni, na wajibu wake hapo ni kumwita muuguzi mara moja.

Mimi nilifunzwa zaidi na zoezi la kupima shinikizo la damu. Mzee mmoja alifika akihema, nikamfunga kipimo juu ya shati huku tukiongea, nikamsomea kwa sauti namba kubwa iliyotokea, naye akaingiwa na hofu mbele ya watu. Muuguzi aliyenisimamia alimketisha kimya kwa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu, mkono ukiwa wazi na umewekwa usawa wa moyo, kisha akapima upya. Namba ilishuka sana. Nilijua vipimo vya kawaida kwa kichwa, lakini sikuwa nimejua kwamba papara yangu inaweza kumtia mtu ugonjwa asiokuwa nao, wala kwamba majibu ya mgonjwa ni siri yake hata yanapopimwa chini ya mti.

Sehemu ninayoipendekeza kuliko zote ni huduma shufaa, yaani kumpunguzia maumivu na kumfariji mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, ingawa wengi huikwepa kwa kuogopa vifo. Cicely Saunders alijitolea katika nyumba ya wagonjwa wasioweza kupona jijini London kabla hajasomea udaktari. Alihitimu mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua kituo cha huduma hiyo, St Christopher's Hospice, ambako maumivu ya mgonjwa yalichukuliwa kuwa ya mwili, ya moyo, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Huko utasoma barua, utatengeneza mto, utanyamaza. Hakuna darasa litakalokufundisha kumsikiliza mtu namna hiyo.

Uliza mapema kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa kuwa dozi zake tatu kwa kawaida huchukua miezi 6. Hakikisha pia kuna msimamizi anayejulikana kwa jina. Ukiombwa kuchoma sindano au kugawa dawa kwa sababu watumishi ni wachache, kataa kwa adabu, useme wazi kwamba hujafuzu, kwani uhaba wa watumishi haumpi mgonjwa kinga dhidi ya kosa lako.

Mitihani ikikaribia, mjulishe msimamizi wiki kadhaa kabla, kisha umuage mwenyewe mgonjwa uliyezoea kumtembelea, maana huenda anazihesabu siku zako.