Wadogo zangu, someni vijiherufi vya chini kwanza

Juzi tena nimekuta fomu ya kuorodhesha chapa ya kale (picha iliyochapwa karatasini kutoka bamba la shaba lililochongwa) imejazwa "msanii: Antonio Lafreri", kumbe yule alikuwa mchapishaji wa Roma. Jamani! Naandika haya kabla presha haijanipanda.

1. Jina lenye "formis" chini ya picha sio la msanii, ni la mwenye mabamba. Aliyechonga mtafute kwenye "sculpsit" (alichonga) au "fecit" (alifanya).

2. Mwaka uliochongwa kwenye bamba sio lazima uwe mwaka wa karatasi uliyoshika. Hapa niungame tu. Nikiwa mgeni kama nyie nilipewa chapa ya magofu ya Roma, chini jina la Lafreri na mwaka wa miaka ya 1550, basi mie kichwa kikavimba, nikawaita wenzangu nikawapigia lekcha robo saa nzima kwamba karatasi hii ilitoka mashineni Michelangelo akiwa hai, na jamani tazameni wepesi wa mkono kwenye vivuli vya matao. Bosi kanyamaza tu, anatabasamu. Akachukua tochi, akailaza ubavuni mwa karatasi, akasema "haya, soma kona ile mwanangu". Vijiherufi kama vinyesi vya nzi: Ioannes Orlandi formis Romae 1602. Lafreri alishafariki 1577, mabamba yakatawanyika, Orlandi akapata lile, akachonga jina lake, akachapa upya. Na ule "wepesi wa mkono" niliousifia? Bamba limechoka, mistari imelika, vivuli vimepauka kama chai iliyorudiwa majani mara tatu. Siku ile chai ya saa nne sikwenda kunywa.

3. Atakayeniambia Warumi walikuwa na oda tano (mitindo ya nguzo) tutagombana. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale aliyeandika kitabu cha ujenzi, hana Komposito (oda inayochanganya Ioni na Korintho) kabisa! Serlio, msanifu wa Italia, ndiye aliyezipanga zote tano foleni moja kwenye kitabu chake cha Venice, 1537, tena Komposito yenyewe akaisingizia ghorofa ya juu ya Koloseo. Na ile stori ya kikapu juu ya kaburi la binti, majani ya akanthasi yakakizunguka, mchongaji wa Kigiriki Kallimakhos akapita akapata kichwa cha nguzo ya Korintho... tamu, hata mimi naipenda, ila ni stori ya Vitruvius, usiijaze kwenye kisanduku cha "asili".

4. Palladio, msanifu mwingine wa Italia, kwenye kitabu chake cha usanifu (1570) anamalizia kwa penseli yake majengo ya kale yaliyobomoka, usimtumie kama picha ya mnato.

5. Kalamu ya wino iishie mlangoni.

Tochi iko droo ya pili. Betri nanunua mimi, irudisheni.